Chupa Niliyoambiwa Niilaze Kwanza

Naomba niseme mwenyewe kabla hamjaisikia kwa mtu mwingine akaongeza chumvi: yule baba wa Madale aliyelala kwenye mkeka sebuleni kwake, kwa ubavu, tai shingoni, mbele ya wakwe watarajiwa, huku mkwe mwenyewe amesimama juu yake anamwambia "usigeuke, kizibo kitakauka," ni mie. Sikuwa nimelewa. Ningekuwa nimelewa ningepata pa kujificha. Nilikuwa mzima na akili zangu timamu, mwalimu wa kemia wa sekondari, miaka ishirini na sita kazini, na yote hayo yalitokana na chupa moja ya mvinyo mweupe na neno moja la Kiswahili ambalo nilidhani nalijua.

Kaeni vizuri niwaeleze, taratibu, maana mie siwezi kueleza kitu haraka (na hilo nalo, mtaona, ni sehemu ya tatizo).

Kwetu ni Dodoma. Miaka kumi na moja iliyopita, binti yangu Neema alipopata kipaimara, nilikwenda nyumbani kusalimia ndugu, na siku ya kurudi nikapita kwa Mzee Chidawali, rafiki wa marehemu baba yangu, mkulima wa zabibu mwenye mapipa yake machache nyuma ya nyumba na tabia ya kumpa mgeni chupa anapoondoka kama wengine wanavyotoa kuku. Akanipa chupa ya mvinyo mweupe, rangi yake kama majani makavu yakipigwa na jua la asubuhi. Na haikuwa hizi za kifuniko cha kuzungusha, ilikuwa na kizibo chenyewe, kile cha gome la mti, kimeshindiliwa shingoni na kufungwa kwa karatasi ya bati juu. Nikaifunga kwenye sweta, nikaiingiza kwenye begi, na wakati naaga ili niwahi basi, Mzee akanishika bega akaniambia, "Mwalimu, usiifungue leo. Ilaze kwanza."

Ilaze kwanza. Hakuongeza kitu, na mie sikuuliza. Mwalimu anauliza wanafunzi, yeye haulizi.

Njiani kichwa changu kikaanza kufanya kazi. Nilishasikia watu wakisema mvinyo ukikaa unazidi kuwa mtamu, na neno "kulaza" sisi tunalijua tangu jikoni: maharage unayalaza kwenye maji, unga wa maandazi unaulaza, wali wa jana ukilala unaamka kiporo, na kiporo cha wali wa nazi kwa chai (hili sibishani na mtu) kinaushinda wali wenyewe. Kwa hiyo basi linafika Morogoro mie nimeshaelewa kila kitu: Mzee ameniambia niuache mvinyo ulale mpaka uive. Ulale mpaka lini? Hapo nikajijibu mwenyewe pia. Mpaka Neema atakapoolewa. Hakuna aliyenituma, jamani. Neema alikuwa na miaka kumi na tano.

Nikarudi nyumbani nikaona chupa ya heshima namna ile haiwezi kulala chini ya kitanda kama viatu. Nikaenda Keko, kwa wale mafundi wa samani wa barabarani, nikaagiza kabati la kioo. Fundi akaniuliza, "Mwalimu, ndani unaweka nini, vyombo?" Nikamwambia naweka mvinyo wa harusi. Akatikisa kichwa kwa heshima kubwa, akasema, "Basi nikuwekee na kioo nyuma, na taa juu yake, mgeni akiingia aione kwanza hiyo kabla hajakuona wewe." Akaweka kioo, akaweka taa, tena si taa ya mchezo, ilikuwa inatoa joto la kuangulia vifaranga, na ikawa inamulika moja kwa moja juu ya kizibo. Kabati tukalisimamisha sebuleni ukutani, mkabala na dirisha la magharibi (nyumba zetu za mlimani zinapata jua la jioni mpaka unavaa miwani kuangalia taarifa ya habari). Chupa nikaisimamisha katikati, wima, kama askari wa gwaride. Kila Jumapili baada ya ibada nilikuwa naifuta vumbi kwa kitambaa cha miwani yangu. Na kila mgeni aliyeingia alikuwa anapata somo.

"Huu umelala," nilikuwaga nasema, chupa imesimama wima mbele yetu. "Unaendelea kuiva."

Mke wangu, Mama Neema, alikuwa anapita na sinia anasema, "Baba Neema, hicho kitu kimeshakufa, wewe unakifanyia ulinzi tu." Nikawa namwambia kwa upole kwamba yeye ni mtu wa uhasibu, haya mambo ya uchachu aniachie mie.

Sasa ikafika miaka miwili iliyopita, akaanza kuja nyumbani kijana mmoja anaitwa Emanueli. Mtaratibu, shikamoo zake mbili kila akiingia, moja yangu moja ya mama, anafanya kazi maabara ya zahanati fulani, kupima malaria na mikojo ya watu. Neema akamtambulisha kama rafiki (tulijua, kila mzazi anajua). Na miezi michache baada ya kijana kuanza kuja, nikagundua jambo kabatini. Mvinyo ulikuwa umepungua. Zamani ulikuwa unafika shingoni kabisa, sasa umeshuka karibu vidole viwili. Nikaigeuza chupa, hakuna tundu. Karatasi ya bati iko palepale. Nikakaa kwenye kochi nikawaza kisayansi: nani mwenye sababu, nani mwenye nafasi, nani mwenye vifaa. Na jibu likanijia kama umeme.

Sindano.

Ndugu zangu, mie, mtu mzima, niliyesimama mbele ya kidato cha pili mwaka baada ya mwaka nikifundisha jinsi kimiminika kinavyogeuka mvuke na kutoroka hata kwenye chombo unachodhani kimefungwa, nilikaa kwenye kochi langu nikaamini kwamba kijana wa watu anakuja nyumbani kwangu na sindano ya maabara mfukoni, anasubiri niende chooni, anakitoboa kizibo, anavuta mvinyo, ananywa. Nikachukua plasta, ile nyeupe ya kidonda, nikabandika mstari mrefu nyuma ya chupa, upande unaotazama kioo, nikaanza kupiga alama kwa kalamu kila Emanueli akija na kuondoka, kama nesi anavyofuatilia dripu. Kila alama nikaiandikia herufi E na mwezi. E. E. E. Na kweli mvinyo ukawa unashuka! Ulikuwa unashuka hata asipokuja, lakini zile siku sikuzipigia alama.

Mwisho nikamwambia Neema. Alinitazama kwa muda mrefu kama anayetafuta baba yake wa zamani kaenda wapi, kisha akalia, akasema Emanueli hajawahi kuonja pombe maishani. Nikamwambia basi yaishe. Sikusema nimekosea. Nilisema yaishe, na nyie wenye watoto mnajua hivyo si vitu vinavyofanana. Yeye kwa upande wake hakumwambia Emanueli neno lolote.

Ndiyo ikafika ile Jumamosi ya wakwe kuja kututambua. Walikuwa wanatoka Kigamboni: baba yake Emanueli, Mzee Maganga, Mnyamwezi wa Tabora, mstaafu wa reli, mama yake, mwanamke mkimya mwenye kitenge kilichonyooka kama kimepigwa rula, na shangazi yake, Shangazi Mwajuma, dada wa Mzee Maganga, ambaye yeye ni Mwislamu na ambaye nilijua habari zake mbili tu, kwamba ndiye aliyemlea Emanueli akiwa anasoma, na kwamba akisema hapana kwenye ile familia basi ni hapana. Asubuhi Neema akanikuta naivaa ile tai, akafunga mlango nyuma yake.

"Baba, leo nakuomba vitu viwili tu. Usifundishe mezani. Na chupa ibaki kabatini."

"Chupa ndiyo siku yake, mwanangu."

"Baba. Shangazi akitukataa leo, Emanueli hatamvuka. Namjua. Vitu viwili tu."

Nikamwahidi. Naomba mlikumbuke hilo, nilimwahidi kwa mdomo wangu.

Wakaja saa saba mchana, Emanueli mwenyewe akiwa nao, gari limelia kweli kweli kwenye mlima wetu, na mambo yakaenda vizuri ajabu. Pilau ilikuwa pilau, kuku wa kienyeji alipikwa akakubali, Mama Neema kaweka juisi ya ukwaju baridi mpaka jagi linatoka jasho. Mzee Maganga akagundua mie Mgogo, akaangua kicheko, maana Wagogo na Wanyamwezi ni watani tangu babu zao walipokuwa wanapita kwetu na mizigo kichwani kwenda Pwani, akaanza: "Kumbe naoza mtoto kwa hawa waliokuwa wanatuuzia maji ya kunywa kwa kipimo cha kifuniko!" Nikamjibu kwamba tungewapa bure wangetuhamia. Shangazi Mwajuma akatabasamu. Neema akanitazama toka mlango wa jikoni, macho yake yanasema asante baba.

Hapo ndipo palikuwa pa kuishia. Ningekula kipande changu cha tikiti nikanyamaza, leo msingekuwa na cha kusimuliwa.

Lakini Mzee Maganga akageuka, akaona kabati, taa inawaka. "Mwalimu, na ile pale ni nini, mbona imewekewa taa kama mtakatifu?"

Jamani, aliniuliza. Sikuanza mie.

Nikasimama. Nikawaeleza habari za Dodoma, mzabibu, jua la mchana na baridi la usiku, sukari inavyogeuka kileo, miaka kumi na moja ya kulala; nikasikia sahani ikiwekwa chini kwa nguvu jikoni lakini nilikuwa nimeshafika mbali. Nikasema leo ndiyo siku yake. Nikaitoa chupa kabatini kwa mikono miwili, nikaishika lebo ikiwatazama wageni, na ile plasta ya nyuma, nawaapia, sikuikumbuka kabisa.

Nikachukua kizibuo, kile cha kuzungusha kama skrubu, nilichoazima kwa jirani. Nikakizungusha. Kizibo hakikutoa sauti yoyote, kikawa kinameguka kama mkate uliolala wiki, vumbi la kahawia linamwagika mezani. Nikavuta, likatoka pande la juu, la chini likabaki shingoni. Emanueli akainuka kwa adabu.

"Mzee, nikusaidie?"

"Kaa tu, kijana," nikamwambia, na Mungu anisamehe, nikaongeza, "wewe unaweza kukifungua bila hata kizibuo."

Hakuelewa. Akakaa anatabasamu. Neema, ambaye alikuwa ameingia na bilauri, alielewa.

Nikachukua kisu cha mezani nikalisukuma lile pande ndani, likaingia ghafla, na mvinyo ukaruka juu ukanipiga kifuani, kwenye shati jeupe, ukaacha ramani ya rangi ya chai ya mkandaa. Hapo ningeweza kusimama. Badala yake nikaagiza chujio la chai. Nikawamiminia watu mvinyo kupitia chujio la chai, tena likiwa na majani mawili ya asubuhi ambayo hakuna aliyeyaona isipokuwa mie na mke wangu, na kilichoingia kwenye bilauri hakikuwa na weupe wowote.

Mzee Maganga akainua bilauri yake kwenye mwanga. "Mwalimu, si ulisema mweupe?"

"Huo ni weupe wa kukomaa," nikasema.

Kwetu mwenyeji anaonja kwanza ili mgeni aone hakuna sumu. Wote wakanisubiri. Nikanywa funda moja, na nawaambieni ukweli wangu wote: ulikuwa mkali unakata ulimi, na nyuma ya ukali kulikuwa na kitu kama karanga za mwaka juzi. Masikio yaliniziba. Nikatazama nyuso zile, nikatazama chupa niliyoifuta vumbi miaka kumi na moja, nikameza, nikasema, "Safi."

Kwa hiyo nao wakanywa. Mama yake Emanueli, yule mkimya, akapiga funda la heshima, macho yakamtoka, akakohoa mpaka kitenge kikaacha kunyooka. Mzee Maganga alimeza kama mtu anayemeza kwinini enzi za vidonge vichungu, akaweka bilauri chini polepole, akasema, "Enhe." Sijawahi kusikia "enhe" ndefu kama ile.

Shangazi Mwajuma alikuwa na ukwaju wake. Akanyoosha mkono. "Nipe hiyo chupa, shemeji."

"Shangazi, si wewe hutumii..."

"Sitaonja. Nainusa tu."

Na hapo ndipo nilipojua kitu ambacho ningekijua mapema kama kabla ya kueleza ningeuliza. Shangazi Mwajuma alikuwa msimamizi wa mezani kwenye hoteli kubwa ya mjini, miaka kumi na tisa. Hajawahi kuonja tone, na amefungua chupa nyingi kuliko mapadri wote wa jimbo. Akaweka pua mdomoni mwa chupa kwa sekunde mbili hivi, akairudisha.

"Ingekuwa inanuka gazeti lililolowa," akasema taratibu, kama mie darasani siku zangu nzuri, "ningesema kizibo chenyewe kilitoka na ugonjwa, na hilo si kosa la mtu, hata hotelini tulikuwa tunazipata, tunamwaga, tunamletea mgeni nyingine. Lakini hii inanuka siki. Hewa imeingia. Uliiweka wapi?"

Nikaonyesha kabati. Akatazama taa. Akatazama dirisha. "Imesimama hivyohivyo?"

"Wima kabisa," nikasema, bado na kiburi kidogo.

"Miaka kumi na moja. Shemeji, kizibo cha gome kinataka kulowana. Chupa unailaza kwa ubavu ili mvinyo ugusane nacho, kibaki kimevimba, kizibe. Ukiisimamisha, tena chini ya taa, kinakauka, kinanywea, hewa inaingia na mvinyo unatoka kidogo kidogo kama mvuke. Na mvinyo mweupe wenyewe, mwingi wao si wa kuwekwa. Ni wa kunywa ukiwa kijana. Ipo michache inayovumilia, lakini inataka giza na baridi, haitaki Madale. Kwani aliyekupa hakukuambia uilaze?"

Neno lile likanizunguka kichwani. Ilaze. Kwa ubavu! Miaka yote nimewaambia watu imelala, nayo imesimama.

"Aliniambia," nikasema kwa sauti ndogo.

Ingeishia hapo ningekuwa nimeaibika kiasi cha kawaida, cha kusahaulika kabla ya harusi. Lakini Shangazi alikuwa bado ameishika chupa, akaigeuza, akakuta plasta. Akavaa miwani. Akasoma.

"E. Machi. E. Aprili. E. Juni." Akainua macho. "E ni nini?"

Niliangalia dari. Tuna nyufa mbili kwenye dari, sikuwahi kuziona.

"Baba," Neema akasema, na sauti yake ilikuwa imekatika katikati, "waambie."

Ningeweza kusema E ni kiasi cha kitu fulani cha kikemia. Nakiri nilikiwaza, nilifika mpaka kwenye herufi ya kwanza ya "ethanoli". Halafu nikamwona binti yangu amesimama na sinia la bilauri, ananitazama kama siku ile alipolia, nikajua nikisema uongo wa pili mezani hapa, hata akiolewa, kwangu harudi tena yule yule. Nikasema. Nilisema yote: vidole viwili, kochi, sindano. Nikasema E ni Emanueli.

Hakuna aliyecheka. Emanueli akatazama mikono yake. "Mzee," akasema polepole, "wewe ulidhani mie nakuja hapa na sindano?"

"Ndiyo."

"Za zahanati?"

"Nilidhani mpya," nikasema, na sijui kwa nini nilidhani hiyo ingesaidia.

Neema akaweka sinia mezani, akaingia jikoni, nikasikia mlango wa nyuma. Mama yake Emanueli akaanza kukusanya mkoba wake. Nikamgeukia yule kijana, nikamwambia, mbele ya baba yake na mama yake na shangazi yake, "Nilikosea. Nilipaswa kusema hivyo mapema. Nilimwambia Neema yaishe, lakini yaishe si samahani. Samahani, mwanangu." Akaitikia kwa kichwa, lakini Mzee Maganga alikuwa ameshasimama. Akavaa kofia yake. Akashika fimbo. Nikasema moyoni, basi, nimemwozesha mwanangu kwa kabati.

"Dada," akamwambia Shangazi Mwajuma, "nakuuliza. Ukwe umeshaanza hapa?"

Shangazi akamtazama. Akaanza kuelewa kabla yetu. "Bado. Ndoa haijafungwa."

"Na utani?"

"Utani upo tangu babu."

"Vizuri." Akanigeukia na ile fimbo. "Mgogo wewe. Mkwe simgusi, mkwe namheshimu. Lakini mpaka siku ya ndoa wewe bado mtani wangu, na mtani akinisingizia mwanangu wizi, akaninywesha siki kwa chujio la chai, anatoa faini. Mwenye mji, leta mkeka."

Mama Neema (nilidhani atanitetea, tumeoana miaka thelathini) aliuleta mbio.

"Chupa ilitakiwa kulala, ukaisimamisha. Sasa utailalia wewe. Kwa ubavu. Na tai usivue."

Nikalala. Mie, mwalimu, na ramani ya chai kifuani, nikalala kwa ubavu wa kulia kwenye mkeka wa sebule yangu. Mzee Maganga akasimama juu yangu, na nilipotaka kuinua kichwa akanigonga bega kwa ncha ya fimbo: "Usigeuke, kizibo kitakauka!" Shangazi akasema nizimiwe taa ile ya kabati, nisije nikachacha. Hapo mama yake Emanueli, ambaye hakuwa amesema neno tangu afike, akasema kwa sauti nyembamba, "Huyu naye alitakiwa kunywewa akiwa kijana," na nyumba nzima ikapasuka. Emanueli alicheka mpaka akashika ukuta. Na toka chini pale nikaona miguu ya Neema mlangoni, viatu vya nyumbani, nikasikia akijaribu kutocheka, akashindwa, ile sauti yake ya utotoni kabisa.

"Shangazi," akasema, "mnamlaza mpaka lini?"

"Wewe ndiye mwenye harusi," Shangazi akajibu. "Ukisema aamke, anaamka. Na ukishasema, mwanangu, ndiyo umekuwa wetu."

Neema aliniacha nilale, nakadiria dakika mbili nzima, na zilikuwa haki yake. Kisha akaja akaninyooshea mkono.

Ile iliyobaki kwenye chupa Mama Neema aliichuja upya kwa kitambaa safi, akaipeleka jikoni, na mchana ule ule wakwe walirudia sahani ya pili ya kachumbari, wakauliza imewekwa nini. Hakuna aliyejibu. Harusi ni baada ya Pasaka.

Kesho yake baada ya ibada nikaona niungame mpaka mwisho, nikampigia simu Mzee Chidawali. Kazeeka sana sasa, masikio yanamsumbua, shikamoo niliirudia mara tatu. Nikamweleza yote kwa sauti ya kupigia kengele: Mzee, ile chupa uliyoniambia niilaze, mie sikuilaza kwa ubavu, niliisimamisha, nisamehe sana.

Kisha akasema, "Ubavu wa nini?"

"Kizibo, Mzee. Ili kisikauke."

"Aaa, Mwalimu. Mie nilikuona unakwenda kupanda basi. Mvinyo ukitikiswa njiani unavurugika. Nilikwambia uilaze usiku mmoja, itulie, kesho yake unywe." Akakohoa. "Vipi, ulikuwa mtamu?"

Kwa hiyo kumbe hata kwenye ule mkeka nililalia kosa ambalo silo nililoambiwa nisilifanye. Sijamwambia Mzee Maganga, na nyie msimwambie. Bado nina miezi kadhaa ya kuwa mtani wake, na yule mzee anaweza kudai nilale upya, safari hii mpaka asubuhi. Nimekiri kwa Neema peke yake. Ameniapisha, mkono juu ya lile kabati (siku hizi tunaweka sahani, na taa tumeing'oa), na kiapo nakishika: mtu akiniambia neno lolote, hata liwe dogo vipi, hata niwe nalijua tangu tumboni mwa mama, sianzi kulifundisha kabla sijamuuliza yeye alikuwa na maana gani. Na likiwa na kulala ndani yake, namuuliza maswali mawili: kwa upande gani, na mpaka lini.